Giaboksi ya otomatiki imechoka: ovaholi au iliyotumika?

Gari la miaka mingi likianza kuchelewa kuingiza gia, au injini ikinguruma huku mwendo hauongezeki, usikimbilie kufungua chochote. Angalia oili kwanza. Oili nyingi za otomatiki zikiwa mpya ni nyekundu. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, huenda sahani za klachi zimeliwa. Kompyuta ya gari nayo isomwe, maana selonoidi (vali ya umeme inayoongoza oili ndani ya giaboksi) moja mbovu huweza kukudanganya kwamba giaboksi nzima imekufa.

Ikithibitika imekufa, giaboksi iliyotumika kwa kawaida hushinda kwa bei na haraka. Tatizo ni kwamba hujui ilikotoka wala ilivyotunzwa, na lazima namba yake ya aina ilingane na ya gari lako.

Ovaholi, yaani kuifungua giaboksi yako na kubadilisha vilivyochakaa, hugharimu zaidi na gari hulala gereji, ila unajua sahani, sili na bushi zilizomo ni mpya. Hapo kila kitu kinategemea mkono wa fundi. Mafundi wazuri wa injini ni wengi, wa otomatiki ni wachache, kwa hiyo dai dhamana ya maandishi.

Kwa matunzo hazitofautiani: oili sahihi, na kipoza oili kisafishwe au kibadilishwe. Chembe za chuma zikibaki humo zitaiua hata giaboksi nzuri.

Gari ambalo bodi yake imara na unakusudia kukaa nalo, ovaholi inajilipa. Ukipanga kuliuza karibuni, iliyotumika inatosha.