SUV ya familia Nairobi: ipi itawakinga wanao siku ya ajali?

Shemeji yangu alinipigia simu Jumamosi moja akiwa kwenye yadi ya Ngong Road. Alikuwa ameipenda Toyota RAV4 nyeupe ya 2014, iliyotoka Japani, na muuzaji alikuwa amemwonyesha kwenye simu kwamba RAV4 ilipewa nyota tano na Euro NCAP, mpango wa Ulaya unaopima usalama wa magari kwa kuyagongesha, mwaka 2013. Nilimsihi asitoe hata shilingi hadi nifike. Nyota zile ni za kweli, ila si za gari lile.

RAV4 iliyopimwa Ulaya 2013 ni ya kizazi cha nne, na hicho hakikuuzwa Japani. Wajapani waliendelea na kizazi cha tatu, kilichoanza 2005, hadi 2016. Kisha jina la RAV4 likapotea sokoni kwao mpaka kizazi cha tano kilipoingia Aprili 2019. Basi RAV4 ya 2014 iliyoshushwa Mombasa kutoka Japani ina bodi iliyobuniwa miaka ya 2000. Zilizotoka Uingereza ni habari nyingine. Ndiyo maana hapa chini ninapanga magari kwa kizazi chake, maana jina pekee halisemi kitu.

Jaribio ninalolitazama kwanza ni lile ambalo taasisi ya IIHS ya Marekani ililianzisha 2012. Gari hupigwa kwenye kizuizi kigumu kwa kasi ya kilomita 64 kwa saa, na ni robo tu ya upana wa mbele inayogusa. Ukiijua barabara ya Nakuru, unaijua ajali hii: mtu anapita lori pasipofaa, unajaribu kumkwepa, mnagongana kona kwa kona. Vyuma vikuu vya mbele havipokei pigo, na gurudumu husukumwa hadi miguuni mwa dereva.

Mwaka 2016 taasisi hiyo ilichukua SUV ndogo saba ambazo zote zilikuwa zimefuzu vizuri upande wa dereva, ikazipiga upande wa abiria. Ni Hyundai Tucson pekee iliyopata alama ya juu. RAV4 ya 2015 ilipata ya chini kabisa na mlango wake ukafunguka. Sasa kumbuka kwamba abiria wa Marekani hukaa pale ambapo sisi tunashika usukani. Ukisoma matokeo ya kwao, tafuta alama za pande zote mbili.

Nafasi ya kwanza naipa Subaru Forester iliyotoka 2018. Ilipata nyota tano za Euro NCAP 2019, na nyumbani kwao Japani ikatwaa tuzo kuu ya usalama wa mgongano katika majaribio ya JNCAP, mpango kama huo wa Japani. Ina mfuko wa hewa wa magoti ya dereva, na mwingine hufumuka nje, chini ya kioo cha mbele, kumkinga mtu anayetembea kwa miguu. Katika jiji ambalo watu wengi huvuka barabara kwa miguu, hilo kwangu lina uzito mkubwa. Angalizo moja: mfumo wake wa breki zinazojifunga zenyewe hutegemea kamera mbili nyuma ya kioo cha mbele. Kioo kikibadilishwa kiholela, kamera zisipopangwa upya, huwezi tena kuutegemea.

Mazda CX-5 ya 2017 kuendelea inaifuata kwa karibu mno. Ina nyota tano pia. IIHS walipoongeza ukali wa jaribio la ubavuni mwaka 2021, kati ya SUV ndogo 20 ni CX-5 ya mwaka huo tu iliyopata alama ya juu. Ukiipata ya 2021 au baadaye, iweke ya kwanza bila kusita.

RAV4 ya 2019 kuendelea ni ya tatu, nayo ni ya nyota tano. Nissan X-Trail iliyopata nyota tano 2014 ni ya nne. Kwa X-Trail hesabu mifuko ya hewa ya pembeni kabla ya kulipa, kwa sababu baadhi ya matoleo ya Japani yaliuzwa bila hiyo. Tafuta maandishi ya SRS, alama ya mfuko wa hewa, kwenye nguzo za milango na ubavuni mwa viti.

Harrier ya 2013 hadi 2020, kipenzi cha Nairobi, siipi nafasi. Haikuuzwa Ulaya wala Marekani, kwa hiyo hakuna matokeo ya Euro NCAP au IIHS ya kuiweka kando ya hizi nne.

Hata hivyo nyota hulihusu gari zima kama lilivyotoka kiwandani. Lililogongwa likanyooshwa si lile tena. Omba karatasi ya mnada wa Japani. Daraja la R au RA maana yake liliwahi kugongwa likatengenezwa. Washa swichi: taa ya mifuko ya hewa iwake kisha izime. Niliwahi kuona gari ambalo taa hiyo haikuwaka kabisa, na chini ya usukani palikuwa patupu. Vuta kila mkanda hadi mwisho usome tarehe ya kutengenezwa kwenye lebo yake. Tarehe hiyo ikipishana sana na mwaka wa gari, uliza kwa nini. Tazama boliti za boneti kama rangi imekwaruzwa. Na kwa magari ya zamani, kagua namba ya chesisi kwa mtengenezaji kama mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata ilibadilishwa, kwa kuwa baruti yake huharibika kwa joto na unyevu.

Jambo ambalo muuzaji hatakwambia ni kasi. Katika kilomita 100 kwa saa, gari hubeba nishati karibu mara 2.4 ya ile ya kilomita 64. Hakuna hata moja kati ya haya lililopewa nyota kwa pigo la namna hiyo.

Shemeji aliiacha ile RAV4. Wiki sita baadaye alinunua CX-5 ya 2018, baada ya kukataa mbili zilizokuwa na R kwenye karatasi. Alikwenda yadi na kiti cha mtoto, akakifunga mwenyewe kwenye vishikizo vya ISOFIX kabla ya kutoa pesa.