Zion ya Hillsong UNITED, ikisikilizwa kutoka kivuko cha Kamanga

Albamu ya Zion ya kundi la muziki wa injili la Hillsong UNITED ilitoka Februari 2013, na kwa miaka mingi niliifahamu kwa wimbo wake mmoja tu, ule wa nne, "Oceans", ambao sidhani kama kuna timu ya kusifu na kuabudu hapa Mwanza ambayo haijawahi kuujaribu. Nyingi, yetu ikiwamo, zimewahi kuuharibu. Hivi karibuni niliamua kuisikiliza albamu nzima kwa mpangilio wake, nyimbo zote 12, nikiwa na hedifoni kichwani juu ya kivuko cha Kamanga, alfajiri, safari ya Sengerema. Mimi ni mpiga kinanda wa kwaya, si mchungaji wala mwalimu wa theolojia, kwa hiyo nitakayoyasema yanahusu zaidi namna kazi hii ilivyotengenezwa.

Kundi hili lilitokana na huduma ya vijana ya kanisa la Hillsong jijini Sydney, Australia, mwishoni mwa miaka ya 1990, na albamu zake nyingi za mwanzo zilirekodiwa mbele ya umati. Ukizisikiliza unasikia makofi, shangwe, na watu wengi wakimpokea mwimbaji kiitikio. Zion ilipita njia nyingine: ni albamu ya studio, iliyotayarishwa na Michael Guy Chislett, mpiga gitaa aliyewahi kuwa katika bendi ya roki ya The Academy Is..., akishirikiana na Joel Houston, mmoja wa viongozi wa kundi. Yeyote aliyewahi kurekodi kwaya anajua uzito wa uamuzi huo. Umati husitiri mengi. Mwimbaji akiteleza watu humbeba, na gitaa likipotea makofi hulifunika. Studio haina huruma hiyo. Penye ukimya husikika ukimya, na mtayarishaji hulazimika kuamua, sekunde hadi sekunde, ni chombo gani kiseme na kipi kisubiri.

Zion imefanikiwa hasa katika kusubiri huko, na ninalisema hilo kwa uchungu kidogo. Mara ya mwisho kwaya yetu iliporekodi, katika studio moja ya mjini, tulilipia siku mbili. Siku ya kwanza umeme ulikatika saa nane mchana, tukiwa tumemaliza sauti za wanawake peke yake, na kesho yake wanaume waliimba wakiwa karibu zaidi na maikrofoni, kiasi kwamba hadi leo besi wetu wanasikika kama wamekaa sebuleni mwako na soprano kama wako ng'ambo ya barabara. Hilo lingesameheka. Kilichonikaa moyoni ni kwamba mtayarishaji kila alipoona nafasi aliijaza: tarumbeta za kinanda juu ya gitaa la solo, gitaa la solo juu ya maneno, na ngoma za kompyuta chini ya vyote kuanzia mwanzo wa wimbo mpaka mwisho. Tulipomuuliza, alisema sisi tumelipia muziki, hatukulipia ukimya.

Sasa chukua huo wimbo wa nne, "Oceans", ulioandikwa na Matt Crocker, Joel Houston na Salomon Ligthelm. Una urefu wa karibu dakika tisa. Unaanza na sauti ndefu za kinanda zilizotandazwa kama ukungu wa asubuhi ziwani, kisha anaingia Taya Smith, ambaye hii ndiyo ilikuwa albamu yake ya kwanza na kundi hili, akiimba taratibu, karibu sana na maikrofoni, bila madoido ya kutuonyesha uwezo wake. Ngoma hazina haraka. Wimbo unapofika kipande cha katikati, maneno yaleyale yanarudiwa tena na tena, na kila yanaporudi kitu kidogo tu kimeongezeka: gitaa limesogea mbele kidogo, ngoma zimeanza kunguruma kwa mbali, waitikiaji wamejitokeza nyuma ya mwimbaji. Kinachobadilika ni uzito, si maneno. Vyombo vyote vinapofika kileleni, msikilizaji amekwisha kusubiri kiasi kwamba hahitaji kuambiwa ashangilie. Kisha wimbo unashuka tena, polepole kama ulivyopanda.

Sisi tunaoupiga makanisani tunakosea palepale. Mpiga ngoma wetu huvumilia beti moja, ya pili hujikuna, ya tatu ameshaingia. Na mimi mwenyewe, nikiona mwimbaji amevuta pumzi, vidole hujikuta vinapita juu ya kinanda kutafuta cha kusema. Redio zilipewa toleo lililofupishwa, na ninaelewa kwa nini, ila ukiukata wimbo huu umeutoa moyo. Albamu ilipotoka iliingia ikiwa ya tano katika chati ya albamu ya Billboard 200 ya Marekani na ya kwanza nchini Australia, na "Oceans" ilikaa kileleni mwa chati ya nyimbo za Kikristo ya Billboard kwa jumla ya wiki 61.

Maneno ya wimbo yamejengwa juu ya Mathayo 14, Petro anapotoka chomboni kumfuata Yesu juu ya maji, na hapa ndipo masikio ya mtu wa kando ya ziwa yanaposikia kitu kingine. Mathayo huyaita maji yale bahari. Luka, katika sura ya 5, huyaita ziwa, ziwa la Genesareti. Ni maji yaleyale, yenye eneo la kilomita za mraba 166 hivi, wakati ziwa letu lina zaidi ya 68,000. Waandishi wa wimbo wamechagua bahari kuu, maji yasiyo na ng'ambo, mahali pa mtu kupotelea katika imani. Ni picha nzuri, lakini Petro hakuwa mgeni wa maji. Alikuwa mvuvi aliyeona kazini kwake pamebadilika. Juu ya kivuko alfajiri ile niliona mitumbwi ya dagaa ikirudi, taa zake bado zinawaka, katika saa ambazo Mathayo anaziita zamu ya nne ya usiku, na nikawaza kwamba anayeijua hofu ya Petro vizuri ni wavuvi wale, sio mimi niliyeshika reli ya kivuko. Tena huu ni mji ambao haujasahau Mei 21, 1996, meli ya abiria ya MV Bukoba ilipozama ikiwa imekaribia kufika. Yupo mama mmoja wa sauti ya pili katika kwaya yetu ambaye, tukifika kwenye kiitikio, hunyamaza mpaka kipite. Hatujawahi kumuuliza.

Nyimbo nyingine haziwezi zote kubeba mzigo huo, na hazikutakiwa kuubeba. "Relentless" inafungua albamu kwa sinthesaiza na ngoma za kielektroniki kwa ujasiri ambao kwaya zetu za vijana, zilizozoea kumalizia kila wimbo kwa sebene, zingeweza kujifunza kitu kwake. "Scandal of Grace" ndiyo ninayoirudia zaidi baada ya "Oceans", kwa kuwa kiitikio chake kinaimbika hata na mtu asiyejua Kiingereza. Kuanzia wimbo wa saba hivi, hata hivyo, nilianza kuuona mshono: wimbo unaanza chini, unapanda, unalipuka, unashuka, na unaofuata unafanya vivyo hivyo. Subira ikishakuwa kawaida haimshtui mtu tena. Ningeondoa nyimbo mbili au tatu bila kujuta, ingawa "King of Heaven", inayofunga albamu, nisingeigusa.

Jambo jingine ni vyombo vya kusikilizia. Niliporudi niliicheza albamu hiyohiyo kwenye spika ya simu, kisha kwenye redio ya daladala ya rafiki yangu ya Igoma, na nusu ya kazi ilitoweka. Zile sauti ndefu za chini, ambazo ndizo ukuta wa nyumba, hazikusikika kabisa, ikabaki sauti ya mwimbaji inayoning'inia hewani. Kwaya yenye kinanda kimoja na gitaa moja itanufaika zaidi na Zion Acoustic Sessions, waliyoitoa mwaka uleule wa 2013, ambamo nyimbo hizi zimepigwa upya kwa vyombo vichache, na mtu anaweza kusikia kila kidole kinafanya nini.

Kwaya yetu inajaribu kuuimba "Oceans" kwa Kiswahili, na ndipo nilipogundua jinsi ulivyobana. Kiingereza humaliza kuita kwa silabi moja. Sisi tukisema "waniita" tumeshatumia nne, na noti iliyotakiwa kuelea inakatwa vipande vinne kama samaki wa kukaangwa. Tumepunguza maneno, tumeunganisha mistari, tumeacha baadhi ya mawazo. Ubeti wa kwanza umekubali. Neno lililobaki kutushinda ni la maji yenyewe: "bahari" ni la Mathayo na silabi zake tatu zinaenea, "ziwa" ni la Luka na ni la kwetu lakini linaacha noti moja tupu. Jumamosi iliyopita soprano waliimba "bahari", besi wakaimba "ziwa", na mwalimu wa kwaya akasema tupumzike, ataamua wiki ijayo.