Gawio la kila mwezi lilinipendeza mpaka nilipopiga hesabu: miaka yangu miwili na Hatifungani na Jikimu

Nilistaafu ualimu Septemba 2023, baada ya miaka 33 ya chaki na hisabati, mingi yake hapa Morogoro. Kwa kikokotoo (kanuni ya kukokotoa mafao) cha wakati ule, mkupuo, yaani sehemu ya mafao inayolipwa yote kwa pamoja, ulikuwa asilimia 33. Nikapata milioni 47 na pensheni ya kama laki sita na arobaini kwa mwezi. Milioni saba ziliondoka kabla sijazoea kuamka bila kuwahi kipindi: bati, deni la kikoba, mchango wa harusi ya mtoto wa dada. Zikabaki arobaini, na kila aliyezisikia alikuwa tayari ameshazipangia kazi. Shemeji alitaka tununue bajaji mbili. Jirani akaniapia kuwa kuku wa mayai hawaangushi mtu, na yeye mwenyewe walishamwangusha mara mbili.

Mimi nilitaka hela inayoingia bila kugombana na dereva wala kuamka usiku kusikiliza kama kuku wanakohoa.

Wazo la kwanza lilikuwa kununua hatifungani za serikali moja kwa moja, yaani kuikopesha serikali nami nilipwe riba. Mnada wa Benki Kuu unaanzia milioni moja, riba inalipwa mara mbili kwa mwaka, na ile ya miaka 25 ilikuwa na sifa sana mitaani tangu enzi za asilimia 15.95, kabla hawajaishusha hadi 12.56 mwaka 2022. Lakini miaka 25! Mimi nilikuwa na 60. Najua unaweza kuiuza kabla haijaiva kupitia Soko la Hisa la Dar es Salaam, ila bei siku hiyo utaipanga na mnunuzi, na mimi si mtu wa kukimbizana na madalali. Tena riba ya mara mbili kwa mwaka haimlishi mtu anayekula kila siku.

Ndipo nikaingia UTT AMIS, taasisi ya serikali inayoendesha mifuko ya uwekezaji wa pamoja: watu wengi wanachanga, kila mmoja ananunua vipande vya mfuko, na wao wanawekeza kwa niaba yao. Hawa si wageni kwa walimu: Mfuko wa Umoja wameuanzisha 2005, na ofisini kwetu kulikuwa na wenzangu waliokuwa wakiweka kidogo kidogo tangu hapo huku sisi wengine tukiwacheka. Januari 2024 nikaweka milioni 30 kwenye Mfuko wa Hatifungani, mpango wa gawio la kila mwezi. Kwa mpango huo unatakiwa uanze na angalau milioni 10. Wa miezi sita unaanzia tano, na asiyetaka gawio, anayeacha hela ikue, anaanza na elfu hamsini. Kuingia hakuna tozo, kutoka hakuna tozo. Milioni 10 nikaziweka Mfuko wa Ukwasi kwa ajili ya dharura, maana pale ukiuza vipande hela inafika ndani ya siku tatu za kazi.

Kero ya mwanzo haikutoka kwenye mfuko. Kitambulisho changu cha NIDA kina majina matatu, akaunti yangu benki ina mawili, na gawio la kwanza likarudi lilikotoka. Tawi la benki (silitaji) liliniambia "Njoo kesho, Mwalimu" mara tatu, kwa adabu kweli kweli. Ukitaka kujiunga, linganisha majina kwanza.

Baada ya hapo mambo yakawa matamu. Kila mwezi karibu laki mbili na sitini, bila kumpigia mtu simu. Kwa mwaka ni kama asilimia 10 na kidogo ya nilichoweka. Pamoja na pensheni, nilikuwa nafika laki tisa, karibu na nilichokuwa nachukua nyumbani nikiwa kazini baada ya makato. Nikaanza kuwahubiria wenzangu.

Uprofesa wangu ulikatishwa na bei ya kipande. Nilinunua kwa shilingi mia moja na kumi na kitu. Mwezi wa nane naangalia, bado iko palepale, imesogea kwa senti. Nikadhani kuna kosa. Hakuna kosa, ndivyo mfuko ulivyoundwa: riba ya hatifungani inayokusanywa ndiyo hiyo unayopewa mkononi, kwa hiyo hakuna kinachobaki cha kukuza kipande. Nimefundisha riba mchanganyiko kidato cha tatu miaka thelathini, na sikujiuliza swali hilo siku ya kujaza fomu!

Nikachukua kalamu. Mfumuko wa bei ukiwa asilimia 3 tu, kama unavyotangazwa, laki mbili na sitini baada ya miaka kumi itanunua kile ambacho leo kinanunuliwa na laki moja na tisini na tatu. Na milioni 30 nazo zitakuwa zimeliwa vivyo hivyo, ingawa kwenye taarifa zitasomeka milioni 30. Nikiwa na 70 nitakuwa na dawa za kununua, siyo bati.

Mwanangu aliyeko Dodoma aliponipigia nikamweleza. Akasema, "Mama, sasa si uweke Jikimu?" Nilikuwa nauogopa Jikimu kwa sababu una hisa ndani. Ni mfuko mchanganyiko: sehemu kubwa hatifungani na amana, sehemu ndogo hisa za kampuni zilizoorodheshwa Dar es Salaam. Ulianza 2008, kwa hiyo umeshapita kwenye miaka mibaya. Gawio lake ni la kila robo mwaka kwa anayeanza na milioni mbili, au mara moja kwa mwaka kwa milioni moja.

Novemba 2024 nikauza vipande vya milioni 12 kwenye Hatifungani, nikanunua Jikimu ya robo mwaka. Gawio la mwezi likashuka hadi kama laki moja na hamsini na tano. Nilihisi upungufu huo, nisidanganye. Gawio la Jikimu ukiligawa kwa miezi mitatu halifikii nilichokuwa napata kwa hela ileile, na kiasi hubadilika. Tofauti iko kwenye kipande: hiki kinapanda. Hisa ya CRDB iliyokuwa chini ya shilingi 200 mwaka 2019 ilishapita 600 mwishoni mwa 2024, na mfuko wenye hisa za mabenki unapata sehemu ya mbio hizo.

Unapata pia sehemu ya kuanguka. Kuna wiki bei ya kipande ilirudi nyuma, nami nikawa nafungua simu kila asubuhi kabla ya chai kama mtu anayesubiri matokeo ya kidato cha nne. Kama una moyo wa namna hiyo na hela yenyewe ndiyo ada ya mtoto ya mwaka huu, usiiweke huko. Pia Jikimu una tozo ya kutoka ukiuza mapema, kwa hiyo hela ya kuchukua na kurudisha kila mwezi mahali pake ni Ukwasi. Na mifuko yote miwili, hata Hatifungani, haina anayekudhamini faida. Niliyoyapata mimi ni ya miezi yangu.

Nikiambiwa nichague mmoja kwa mstaafu ambaye pensheni yake haimfikishi tarehe 20, nitasema Hatifungani, mpango wa mwezi, bila kusita. Kwa ambaye pensheni inatosha chakula, au aliyebakiza miaka mitano kazini, nitasema Jikimu kwanza, na Hatifungani ajiunge siku ya kustaafu. Mimi niko katikati, ndiyo maana nina milioni 18 Hatifungani na 12 Jikimu. Elfu hamsini za kila gawio la mwezi huwa nazirudisha Jikimu kwa simu, isipokuwa Januari, ambapo wajukuu wana sare na madaftari.

Kinachonisumbua sasa ni zile milioni kumi za Ukwasi. Mbili nilishazitoa kwa operesheni ya jicho, na nane zilizobaki naona ni nyingi kwa dharura na chache kwa nyumba ya kupangisha. Shemeji bado anasema bajaji.