Wikiendi nzima ya michezo kwa usajili mmoja: uzoefu wangu

Nimeitumia huduma hii ya kulipia, ya michezo mubashara kwa intaneti, msimu mzima. Kipimo chake halisi ni Jumamosi na Jumapili: soka, raga, marathoni ya alfajiri, halafu Formula 1 na tenisi zinazogombea saa zilezile. Picha yake nzuri, sina neno. Kinachoharibu wikiendi ni matokeo kuvuja kabla hujatazama.

Kitufe ninachokithamini kuliko vyote ni "tazama tangu mwanzo". Mechi mbili zikigongana, namaliza ya kwanza ndipo naanza ya pili kutoka kipenga cha mwanzo, hata kama uwanjani wameshafika dakika ya 70. Ila mechi ikishamalizika, mstari wa muda ulio chini ya skrini unasema mno. Soka ya kawaida, yaani dakika 90, mapumziko ya dakika 15 na dakika chache za nyongeza, huchukua saa 2 hivi. Ukikuta mechi ya mtoano ina saa 2 na dakika 50, umeshajua kwamba walicheza dakika 30 za ziada na huenda penalti zikapigwa. Bao la kuongoza la dakika ya 85 linakosa ladha, kwa sababu unajua litarudishwa. Tenisi ndiyo inayoumia zaidi: kwenye mechi ya seti 5, ambapo anayefikisha 3 ndiye mshindi, mchezaji anaongoza seti 2 kwa 1, mstari umebakiza dakika 20, basi seti ya 5 haipo. Chaguo la "ficha matokeo" kwenye mipangilio huondoa namba na picha ya jalada, lakini mstari unabaki. Mimi hubandika ukanda wa karatasi wenye upana wa vidole viwili ukingoni mwa chini wa skrini, na inafanya kazi. Waundaji wa programu wangeuficha mstari huo kwa siku moja tu ya kazi, natamani sana wafanye hivyo.

Kwa mubashara, zima arifa za simu kwanza. Video hukatwa vipande, mara nyingi vya sekunde 6, na kifaa husubiri vipande kama 3 ndipo kionyeshe. Hapo tayari uko nyuma sekunde 18, bado muda wa kuandaa picha na kuisafirisha. Simu itakuambia bao wakati wewe unaona mpira bado uko katikati ya uwanja.

Picha ya HD inayokula megabiti 5 kwa sekunde humaliza GB 2.25 kwa saa, kwa hiyo saa 10 za wikiendi ni GB 22.5. Bando likiwa dogo, usiguse idadi ya fremu, yaani picha zinazopita kila sekunde, shusha ukubwa wa picha, yaani idadi ya mistari yake. Mistari 720 yenye fremu 50 kwa sekunde ni bora kuliko 1080 yenye fremu 25, maana kwenye fremu 25 mpira uliopigwa kwa nguvu huvuta mkia na tenisi haitazamiki kabisa. Marathoni huvumilia ubora wa chini. Picha ikiganda kila maikrowevu inapowashwa, ruta yako iko kwenye masafa ya Wi-Fi ya 2.4 GHz: hamia 5 GHz, au tumia kebo.

Kurekodi kunahitaji uangalifu. Huduma hukata pale ratiba inapoishia, si pale mchezo unapoishia. Mbio za Formula 1 zina kikomo cha saa 2 za kukimbia, lakini zikisimamishwa kwa bendera nyekundu zinaweza kufikia saa 3 kwa jumla, kwa hiyo naongeza dakika 60. Tenisi haina saa: Isner na Mahut walicheza saa 11 na dakika 5, ndani ya siku 3, Wimbledon 2010. Hapo urekodi pia kipindi kinachofuata.

Skrini ya picha nne ina maana siku ya mwisho ya ligi tu, mechi zinapoanza pamoja. Siku nyingine nimeiacha.

Mwisho wa Machi na mwisho wa Oktoba, kagua ratiba upya. Ulaya hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya miezi hiyo, na mechi zake husogea saa nzima kwa wasiobadilisha. Acha simu ijipangie majira ya saa yenyewe, programu itafuata. Na kabla ya kuhamia kwenye runinga, funga kabisa programu kwenye simu: mechi uliyoisimamisha huko bado inahesabiwa kati ya vifaa 2 vinavyoruhusiwa.