Land Cruiser ya zamani: ufumue 1HZ au upachike D-4D?

Hapa Chake, Pemba, mwenye Land Cruiser kuukuu hakosi kuulizwa barazani: utaifumua na kuitengeneza upya 1HZ iliyochoka, injini yake ya zamani ya dizeli, au utapachika injini nyingine ya Toyota, 1KD-FTV, ile ya D-4D?

Kwa nguvu, D-4D inashinda wazi. Ni lita 3.0, silinda nne, lakini ina turbo. 1HZ ni lita 4.2, silinda sita, haina. Ukipanda kilima na magunia ya karafuu utaijua tofauti, na dizeli pia inakwenda kidogo.

Gharama ndiyo inayowaponza wengi. Bei ya injini ni mwanzo tu. Bado kuna vikalio vya injini vya kuchomelea, giaboksi, kompyuta na waya zake, kisha namba mpya ya injini kwenye kadi ya gari.

Kwa matunzo, moyo wangu uko kwa 1HZ. Pampu yake haitegemei kompyuta. Fundi mzoefu wa Wete anaielewa kwa spana na sikio. Nozeli za D-4D hufanya kazi kwa presha kubwa mno, na maji kidogo ndani ya tangi yanatosha kuziua. Hewa yetu ya chumvi nayo hula viungo vya waya. Nimewahi kuchomoa kimoja, pini zote zimeota kutu ya kijani. Spea nayo unaisubiri bandarini.

Ukiwa Unguja mjini, karibu na fundi mwenye mashine ya kupimia, na gari linabeba abiria kila siku, D-4D itakulipa. Gari la shamba kule Micheweni libaki na 1HZ, mradi bloku haijapasuka.