Pedali za gitaa za bei nafuu dhidi ya za bei ghali: uzoefu wangu

Kwenye overidraivu na distoshoni, yaani pedali za kuukwaruza mlio wa gitaa, pedali ya bei nafuu inasimama bega kwa bega na ya bei ghali, na msikilizaji aliyefumba macho mara nyingi hatajua ipi ni ipi. Kwenye korasi (ya kuunenepesha mlio) na dilei (ya kuurudiarudia) tofauti huanza kusikika. Kwenye swichi na jeki (tundu la kuchomekea waya), pesa ya ziada unaiona kabisa, ila si siku ya kwanza. Utaiona pedali ikishakanyagwa sana. Nimezitumia za aina zote mbili na kuzifungua kwa bisibisi, na huo ndio msimamo wangu.

Nianze na overidraivu, maana ndiko kwenye ubishi mwingi. Ndani ya Ibanez Tube Screamer hakuna kitu cha ajabu: chipu moja ya JRC4558, daiodi za silikoni, transista mbili za bafa (saketi ya kuipa ishara nguvu bila kuibadilisha mlio), halafu rezista na kapasita kadhaa. Ile chipu si adimu wala ghali. Daiodi zimewekwa kwenye njia inayorudisha ishara kutoka tokeo la chipu hadi ingizo lake, ndiyo maana vilele vya wimbi vinakatwa taratibu na si ghafla. Sauti zilizo chini ya hezi 720 hivi hupewa gaini (kiasi cha kukuzwa) ndogo, kwa hiyo besi haivurugiki na sauti za kati hutokeza mbele. Mlio wote uko hapo. Behringer TO800 na Joyo JF-01 zimefuata ramani hiyohiyo. Hata TS808 na TS9, matoleo mawili ya Tube Screamer ambayo watu wanayagombania kwa bei, kwenye saketi yanatofautiana kwa rezista mbili tu za upande wa kutokea: ohm 100 na kilo-ohm 10 kwa la kwanza, ohm 470 na kilo-ohm 100 kwa la pili.

Klon Centaur, overidraivu nyingine, ni kisa cha aina hiyo. Bill Finnegan alianza kuiuza mwaka 1994 na akaifunika saketi kwa gundi ngumu ili isinakiliwe. Leo ile ya asili inauzwa kwa maelfu ya dola, lakini ramani yake ilishajulikana: daiodi za jemani (madini ya germanium), pamoja na chipu inayopandisha volti 9 ili sehemu ya saketi ipate nafasi kubwa zaidi ya kufanya kazi. Soul Food ya Electro-Harmonix inafuata njia hiyo kwa sehemu ndogo sana ya bei. Kwa anayetaka mlio wa kuisukuma amplifaya, sioni sababu ya kulipa zaidi.

Sasa, kwa nini watu wengi hujaribu mbili na kusema ya bei nafuu "haina mwili"? Mara nyingi wamezilinganisha vibaya. Potenshiometa za pedali, yaani rezista zinazozungushwa na nobu, kwa kawaida hutengenezwa kwa uvumilivu wa asilimia 20, maana yake iliyoandikwa kilo-ohm 500 inaweza kuwa 400 au 600 na bado kiwanda kikaipitisha. Ukiweka nobu zote saa sita kamili, hata pedali mbili za modeli moja ya bei ghali hazitalingana. Halafu sikio letu hupenda ile yenye sauti kubwa kidogo na kuiita bora.

Njia ninayoiamini ni hii. Weka luupa (pedali inayorekodi na kurudia kipande) mwanzoni kabisa, kabla ya pedali zote, urekodi kipande kifupi chenye kodi na noti moja moja, kisha ukiache kijirudie ili mkono wako usibadilike. Rekebisha gaini na toni kwa sikio, usiangalie nobu. Mwisho linganisha ukubwa wa sauti kwa mita ya programu ya kurekodia hadi tofauti iwe chini ya nusu desibeli. Mwombe mtu mwingine abadilishe bila wewe kuona. Mabishano mengi huishia hapo.

Kwenye ujenzi, hapo siwezi kuzitetea za bei nafuu. Fungua skrubu za chini utazame mambo mawili. Kwanza, jeki: imefungwa kwa nati kwenye kasha la chuma, au imelehemiwa kwenye bodi na kasha limetobolewa tundu tu? Kama ni hiyo ya pili, kila ukichomeka waya, nguvu yote inabebwa na viungo vya lehemu, na siku moja kimoja kitapasuka. Dalili yake ni mkwaruzo ukitikisa plagi, au sauti kukatika ukiivuta upande. Pili, swichi ya mguu: ikiwa imelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi kuu, kila kukanyaga kunaipinda bodi. Iliyo bora imefungwa kwenye kasha na kuunganishwa na bodi kwa nyaya laini.

Habari njema ni kwamba swichi ya miguu tisa inabadilishika kwa urahisi. Chora kwanza ni waya gani unakwenda mguu upi. Weka chuma cha kulehemia karibu nyuzi 350, na usikae juu ya mguu mmoja zaidi ya sekunde tatu. Ukizidisha, plastiki ya ndani inayeyuka, mguu unazama, na swichi mpya inaanza kukosa mgusano hata kabla hujairudishia kasha. Kama pedali inapiga "pop" ukiikanyaga, mara nyingi kapasita ya kuingilia inavujisha umeme kidogo. Rezista ya mega-ohm 1 kutoka ingizo hadi waya wa ardhi wa saketi humaliza tatizo.

Korasi na dilei za analogi ndizo ninazolipia zaidi bila kusita. Chipu za kuchelewesha sauti zinahitaji saa, yaani saketi ya kuzipa mapigo ya kuziendesha, vichujio vizuri kabla na baada, na mpangilio makini wa bodi. Mtengenezaji anayebana gharama hubana vichujio. Kosa ninalolisikia sana kwenye korasi za bei ndogo ni "tik, tik, tik" inayokwenda sambamba na kasi ya mawimbi: saketi inayozungusha mawimbi inavuta mkondo kwa kushtukiza na kutikisa waya wa ardhi unaotumiwa pia na sauti. Kwenye dilei nyingi za bei nafuu kuna chipu ya PT2399, ambayo kwa kweli ni ya dijitali hata kama kasha limeandikwa "analogi". Hadi milisekunde 340 hivi inapendeza. Ukiivuta zaidi, saa yake inapungua kasi na marudio yanajaa uchafu. Kwa anayepiga kwa mwangwi mfupi, inatosha kabisa. Kwa anayetaka marudio marefu na safi, hiyo si ya kwake.

Rivabu za dijitali, pedali za mwangwi kama wa ukumbini, zinashangaza zaidi. Chipu ya FV-1 ya Spin Semiconductor imo kwenye pedali za bei nafuu na za mafundi wadogo wanaouza ghali. Kinachotofautisha ni programu iliyowekwa ndani. Ukilipa zaidi, hasa unalipia kuhifadhi mipangilio, kuunganisha midi (njia ya vifaa vya muziki kupeana amri), na mwangwi unaofifia wenyewe baada ya kuzima. Kama huvihitaji, baki na pesa yako.

Kabla ya kuilaumu pedali kwa kelele, angalia umeme. Overidraivu ya analogi hula miliampia 5 hadi 10. Rivabu ya dijitali inaweza kula 100 na zaidi. Jumlisha zote, kisha tafuta chanzo chenye angalau nusu ya ziada. Ukizining'iniza zote kwenye adapta moja yenye mkia wa plagi nyingi, za dijitali hupitisha mlio mwembamba wa juu hadi kwenye distoshoni, nayo inaukuza. Chanzo chenye matokeo yaliyotenganishwa kitakusaidia kuliko kununua distoshoni mpya. Na uangalie alama: pedali nyingi ni volti 9 zenye hasi katikati, lakini fazi kadhaa za jemani (aina ya zamani ya pedali za mkwaruzo mzito) ni kinyume, na ukizichanganya kwenye mkia mmoja unapiga shoti.

Kuna jambo moja ambapo ya bei nafuu huishinda ya bei ghali. Pedali za "tru baipasi" zikizimwa huacha ishara ipite moja kwa moja, kwa hiyo pikapu, yaani kifaa cha gitaa kinachonasa mtikisiko wa nyuzi, inabeba urefu wote wa waya. Waya wa kawaida una pikofaradi 100 hivi kwa mita. Pikapu ya hendri 2.5 ikiwa na mita tatu, kilele chake cha mwitikio (pale inapotoa sauti kwa nguvu zaidi) kiko karibu hezi 5,000. Ukifikisha mita 12, kinashuka chini ya hezi 3,000, na ule mng'ao wa nyuzi nyembamba unapotea. Pedali moja tu yenye bafa nzuri, kama Boss SD-1, ukiiweka mwanzoni inaurudisha hata ikiwa imezimwa. Fazi ya jemani peke yake ndiyo itangulie mbele ya bafa, maana ikilishwa na bafa huwa kali na haisafiki tena unapopunguza volumu ya gitaa.

Unapokwenda kuijaribu pedali yoyote, nenda na waya wako. Tikisa plagi zote mbili, zungusha kila nobu polepole ukisikiliza mkwaruzo, kanyaga swichi mara ishirini bila kupiga noti, halafu pandisha gaini mwisho huku volumu ya gitaa ikiwa sifuri na usikilize kinachobaki. Shiii ya wastani ni kawaida. Mvumo mzito au mlio wa filimbi, irudishe kwenye rafu.