Kitunguu, raba na rangi ya kucha: nimesoma Holes na vijana wangu

Kama nyumbani kuna kijana wa kidato cha pili anayekimbia akisikia neno "ishara" kwenye somo la fasihi, mtafutie Holes ya Louis Sachar. Ni riwaya ya Kimarekani, ilitoka 1998 na mwaka uliofuata ikapata nishani ya Newbery, tuzo ya Marekani ya vitabu vya watoto. Nakala yangu niliipata kwa muuza vitabu vya mitumba, jalada limepauka lakini kurasa zote zipo. Kiingereza chake ni chepesi, na sura zake 50 ni fupifupi.

Stanley, mvulana mnene asiye na rafiki, anasingiziwa kuiba raba, yaani viatu vya michezo, za mchezaji maarufu wa besiboli. Anapelekwa kambi ya wavulana wakorofi huko Texas, kwenye ziwa lililokauka. Kazi ni moja: kila mtu shimo lake kila siku, kina futi 5, upana futi 5. Kipimo ni sepetu lenyewe, nalo lina urefu huohuo.

Mimi huwasomesha vijana wa mtaani kwetu Jumamosi, na kwa kitabu hiki niliwawekea vitu mezani: kitunguu, raba iliyochanika, chupa ya jamu, lipstiki iliyoisha, rangi ya kucha. Sikutaja ishara hata mara moja. Swali langu lilikuwa: kitu hiki kimepita mikononi mwa nani?

Kitunguu ndicho kilichowashika. Zamani, ziwa likiwa bado na maji, Sam, mtu mweusi mwenye punda aitwaye Mary Lou, alikuwa akiuza vitunguu na kuapa kuwa ni dawa ya kila maradhi. Akambusu mwalimu mzungu, Katherine. Watu wa mji wakamuua. Tangu siku hiyo mvua ikakatika. Zaidi ya miaka 100 baadaye Stanley na mwenzake Zero, hoi kwa njaa, wanakuta vitunguu vimejiotea mlimani, wanavila siku baada ya siku. Halafu mijusi yenye sumu inawatambaa mwili mzima bila kuwauma, maana haiipendi damu yenye kitunguu. Binti mmoja akasema, "Kumbe Sam bado anauza dawa." Nikafunga daftari, sina cha kuongeza.

Rangi ya kucha inatisha zaidi. Mkuu wa kambi ni mwanamke, na rangi yake nyekundu iliyokolea ameichanganya na sumu ya nyoka. Anamweleza Stanley taratibu kwamba ikishakauka haina madhara. Ni mbichi tu ndiyo yenye sumu. Kisha anamparura msimamizi wake usoni, mbele ya Stanley. Kichupa chetu kilikaa pale mezani na hakuna aliyetaka kukifungua.

Shimo lenyewe niliwakataza kulifanya fumbo mapema. Kuna aliyeanza na "shimo ni maisha", nikamrudisha kwenye ukurasa wa siku ya kwanza, malengelenge mikononi mwa Stanley. Kwanza lichimbwe, ndipo tuseme lina maana gani.

Raba sikuzipenda. Zinamwangukia Stanley kichwani kutoka darajani, naye anaamini ni majaaliwa, kwa sababu baba yake anatafuta njia ya kutumia upya raba kuukuu. Hapo Sachar anapiga kelele mno. Na mwishoni kila uzi unafungwa, hata harufu ya miguu inapata dawa. Ningependa kafumbo kamoja tu kasielezwe. Naye Katherine anageuka jambazi upesi sana. Nilitaka kukaa naye zaidi.

Kitabu nakipa nyota nne kati ya tano, na nyota hizo ni za lipstiki. Stanley anachimbua kibomba cha dhahabu cha lipstiki chenye herufi KB, za yule Katherine Barlow aliyegeuka jambazi, anamwachia X-Ray, kiongozi wa kundi, ambaye anakitoa siku ya pili yake kwenye shimo lake na kupewa mapumziko. Mkuu wa kambi anaamrisha wote wachimbe hapo, mahali pasipo penyewe, na Stanley anajua pale penyewe lakini ananyamaza. Vijana wangu waligawanyika: wavulana wakasema alikuwa mjinga, wasichana wakasema alikuwa ananunua nafasi yake kwenye foleni ya maji. Saa ya kuondoka ilifika, bado wanabishana mlangoni.